Mume Wangu Yuko Stoo, na Mimi Ndiye Niliyemkatia Laini

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu, maana nikisimulia nusu utadhani mimi ndiye niliyeonewa, na nikisimulia nusu nyingine utaniona mchawi, na ukweli ni kwamba hata mwenyewe sijui niko upande gani, ninachojua ni kwamba tangu Jumanne ya wiki iliyopita chakula nakitazama tu, na nikisikia geti la nyuma likilia nashika ukuta.

Mimi ni mkalimani, kazi yangu naifanyia nyumbani, nakaa chumbani na spika za masikioni, daktari yuko hospitalini na mgonjwa haelewi lugha ya daktari, basi wananipigia kwa mtandao nami nasimama katikati, anachosema huyu namfikishia yule. Sasa mtandao ukikatika kwenye kazi kama hii huwezi kusema samahani ukaendelea, mwezi uliopita mama mmoja alikuwa anaelezwa majibu ya vipimo vya mtoto wake, nimeshamtafsiria "majibu yameonyesha kwamba", laini ikafa, nikakaa dakika sita nzima nikiitazama skrini huku yule mama kabaki na nusu ya sentensi, na laini iliporudi alikuwa analia, na majibu yenyewe yalikuwa mazuri, mtoto hana kitu. Siku hiyo nikaapa kwamba haitatokea tena.

Nyumba yetu ina laini mbili, yangu inakuja kwa waya kutoka nguzo ya barabarani, ya mume wangu ni ya antena iliyo juu ya paa, tulitengana laini miaka miwili iliyopita baada ya kugombana nani anamaliza mtandao, ikawa kila mtu na ruta yake kama wapangaji wawili. Nikaulizia kwa watu wanaojua, nikaambiwa ipo ruta ya kugawa mzigo, unaichomekea laini zote mbili, yenyewe inagawa kazi, hii ipite huku na ile ipite kule, na moja ikifa nyingine inabeba yote na wewe unaendelea kuongea bila kujua kama kuna kilichotokea. Nikamweleza mume wangu nikidhani atafurahi. Hakufurahi, alisema laini yake iachwe kama ilivyo, nikamuuliza kwa nini, akasema imeshazoea, mshauri, laini inazoea nini? Nikaendelea kuosha vyombo, lakini kichwani nilikuwa nimeshamtafuta mwanamke na kumvisha na nguo.

Naomba nikueleze na hilo la vyombo, kwa sababu lina uzito wake. Mume wangu anafanya kazi, au niseme nilijua anafanya kazi, kwenye kampuni ya ujenzi, yeye ndiye anayekadiria jengo litakula saruji kiasi gani na nondo ngapi, anaondoka saa moja na nusu asubuhi na tai yake na mkoba wake na chakula nilichomfungia, anarudi saa kumi na moja jioni, na kwa miaka kumi na minne hajawahi kugusa sahani chafu. Mwezi wa pili au wa tatu mwaka huu ghafla akaanza kuosha vyombo, anarudi, anakunja mikono ya shati, anaosha. Badala ya kushukuru nikasema huyu kuna kosa analoliosha.

Basi Jumanne nikasubiri aondoke, binti yetu yuko shule, nikamwita fundi. Ni mtu mzima, mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akafunga ruta mpya kwenye korido, akaingiza waya wangu upande mmoja na waya wa antena upande mwingine, akaacha majina na manenosiri ya mitandao yetu yote miwili vilevile ili vifaa vyetu visisumbuke kuunganishwa upya, kisha akanifundisha kwenye simu yangu, ukifungua ukurasa huu unaona laini zote mbili zinavyobeba, na hapa chini unaona kila kifaa kilichoingia, na ukitaka kukifungia kifaa unagusa jina lake tu, kinakatwa. Tukahesabu vifaa pamoja, simu yangu, kompyuta yangu, televisheni, tableti ya binti, halafu kilikuwepo kimoja zaidi kimeandikwa Injinia, na kilikuwa kinatumia mtandao wakati ule ule.

Fundi akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Huyu Injinia ndiye mpangaji wenu wa uani?"

Nikamwambia hatuna mpangaji, Injinia ni jina ambalo mume wangu ameiita kompyuta yake, na kompyuta yake iko kazini pamoja naye. Fundi akatazama simu yake, akasogea hatua chache kuelekea jikoni, akatazama tena, akasema mama, hiki kifaa hakiko mbali, kiko ndani ya ukuta wako. Akaifungua na ile ruta ya zamani ya mume wangu, ilikuwa na kumbukumbu ya wiki tano, na kumbukumbu zote zilisema kitu kimoja, Jumatatu mpaka Ijumaa, kuanzia saa mbili kasoro asubuhi mpaka saa kumi na nusu, Jumamosi na Jumapili hakuna.

Uani tuna stoo. Mlango wake unatazama geti la nyuma, dirisha lake dogo linatazama kamba yangu ya kuanikia nguo, na mume wangu aliniambia zamani kwamba kitasa kimeharibika atakibadilisha, nami sina shida na stoo, mle kuna makaratasi yake ya ramani na panya. Nilitoka peku, fundi nyuma yangu, nikafika dirishani, pazia lilikuwa limekunjamana kwenye kona, nikachungulia.

Mshauri, alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Kompyuta iko juu ya maboksi, shati na suruali ya kazi vimetundikwa kwenye msumari visikunjamane, yeye mwenyewe na fulana na kaptula, saa nne asubuhi anakula wali niliomfungia alfajiri, anakula taratibu, kijiko hakigongi kopo, kama mtu aliyejifunza kula bila kutoa sauti. Nilichokuwa nimejiandaa kukiona ni mwanamke, na nakuapia kwamba mwanamke ningejua pa kumshikia.

Sikugonga. Sijui kwa nini, nadhani ni kwa sababu fundi alikuwa pembeni na aibu ilinikaba, au ni kwa sababu ya kile kijiko. Tukarudi ndani, fundi akakusanya vifaa vyake, mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alikuja kufunga ruta na ameona ruta tu, akaenda zake.

Nilipobaki peke yangu ndipo la pili likanipiga. Ile kamba ya nguo. Kila nikianika nguo nampigia mdogo wangu simu, ndiyo saa yetu ya kupiga soga, nimesimama hatua mbili kutoka kwenye lile dirisha miezi yote hiyo, nikisema nini? Nikisema mume wangu siku hizi ni kama mgeni wa hoteli, anakuja kula na kulala, kwamba sahani yake mwenyewe haijui ina rangi gani chini, kwamba laiti ningelimsikiliza mama. Yote ameyasikia. Na vyombo alianza kuosha lini? Nilikaa kitandani nikikumbuka, sikuweza kuinuka mpaka simu ya kazi ikaita.

Jioni akaingia kwa mlango wa mbele na tai yake, akaiona ruta mpya koridoni, akasimama. Akaniuliza fundi alikuja saa ngapi, nikasema mchana, akauliza kama alifika na uani, nikasema hapana, alifika uani kufanya nini. Akaosha vyombo. Nikamwangalia mgongo.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Siku zilizofuata hofu ilipungua, hasira ikakaa mahali pake, nilikuwa napiga pasi shati nikijiuliza nampigia pasi ya kwenda wapi, nafunga chakula kinachosafiri kuzunguka nyumba, na yeye ananiaga, ananibusu shavuni, "tutaonana jioni mama," halafu namsikia anaingia kwa geti la nyuma. Jumatatu hii saa nne asubuhi sikuwa na simu ya kazi, nikafungua ule ukurasa, nikaliona jina lake linatumia mtandao kwa raha zake, nikasema ngoja nimuone, nikaligusa.

Nikaenda kwenye dirisha la jikoni. Haikupita dakika mlango wa stoo ukafunguka, akatoka, juu amevaa koti na shati na tai, chini ile kaptula, kompyuta ameinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa, anazunguka kando ya tangi la maji akiutafuta mtandao, na anaongea kwa ile sauti yake ya ofisini, "Mnanisikia? Samahani sana, mnanisikia sasa?" Alisema hivyo labda mara sita, halafu akaishusha kompyuta, akasimama nayo kifuani, akarudi ndani. Mimi nilicheka, mshauri, siwezi kukudanganya, nilicheka peke yangu jikoni. Baada ya dakika ishirini nikamfungulia.

Jioni nikamuuliza kazini kulikuwaje. Akasema, "Leo mtandao ulitusumbua sana." Akaenda kulala bila kula.

Kesho yake Jumanne binti yetu akaniletea tableti nimsaidie kutafuta kitabu, nikakuta barua pepe za baba yake ziko wazi humo, nadhani aliwahi kuitumia akasahau kuzifunga. Najua si zangu. Nilizisoma zote. Kampuni ilimwachisha kazi miezi saba iliyopita, yeye na wenzake wanane, akapewa kiinua mgongo, ndicho tunachokula. Ameomba kazi sehemu arobaini na moja. Arobaini hawakumwita. Ya arobaini na moja walimwita kwa mahojiano ya video, Jumatatu, saa nne kamili asubuhi. Na chini yake ipo barua ya Jumatatu hiyo hiyo mchana, wanasema wanasikitika mawasiliano yalikatika wakati anajibu swali la pili, wakamsubiri dakika kumi, hivyo kamati imeendelea na waombaji wengine.

Niliisoma nimesimama, nikaifunga, nikamtafutia binti kitabu chake.

Mdogo wangu nimemwambia, anasema nifunge mdomo, kampuni za mtandao hukatika kila siku, nani atajua, na kama yeye ameficha miezi saba basi tuko sawa. Lakini akikaa mezani simtazami usoni. Nikimwambia ninajua yuko stoo, naogopa aibu itamfanya aondoke kweli, na nikimwambia ni mimi niliyemkatia mtandao, atakaa vipi na mimi? Na nikinyamaza, kesho asubuhi nitampigia pasi shati tena. Nifanye nini?

Ni mimi, Mkalimani Niliyekosa Maneno.

* * *

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, nikairudia. Miaka yote ninayokaa kwenye ukurasa huu nimeletewa waume waliokimbilia miji mingine na waume waliokimbilia nyumba ya jirani. Mume aliyekimbilia stoo ya nyumba yake mwenyewe ni wa kwanza, na amenishtua kuliko wote.

Pole. Naanza na pole kwa sababu umedanganywa miezi saba, tena kwa busu la shavuni. Una haki ya kukasirika. Mtu akipoteza kazi hajafanya kosa, lakini akimfanya mkewe kila alfajiri apige pasi nguo za mchezo wa kuigiza, huko amekosa, na atakujibu kwa hilo. Simfichi nyuma ya huruma.

Lakini sasa nakugeukia wewe. Uliona mtu mzima anakula bila kugonga kijiko, ukaelewa. Mwenyewe umeniandikia. Kisha siku sita baadaye ukashika simu ukamfanyia majaribio kama mtoto anayemwagia sisimizi maji. Ulikuwa hujui kuhusu mahojiano, ndiyo. Ila ulijua kwamba mle ndani kuna mumeo, na ulitaka kumwona akihangaika. Ukamwona. Ukacheka. Usimtwike mzigo huo fundi, wala ruta, wala kampuni ya mtandao. Ruta ilifanya ulichoiambia.

Na mdogo wako mwambie nimesema anyamaze yeye. "Tuko sawa" ni hesabu ya watu wanaoachana. Kazi yako wewe ni kufikisha maneno baina ya watu wawili wasioelewana, unaifanya kutwa kwa wageni, unailinda mpaka unanunua mashine isikatike. Nyumbani kwako hakuna aliyefikishiwa neno tangu mwaka uanze.

Basi nisikilize, na ufanye leo, usingoje Jumamosi.

Usiende kugonga stoo. Usimfumanie. Mwache aingie kwa mlango wake wa mbele, na tai yake, na heshima yake yote, akae. Binti mpeleke kwa rafiki yake akafanye kazi za shule huko. Vyombo usimwachie aoshe, viache vyote kwenye karai.

Halafu anza na la kwako. Hapa ndipo wengi hukosea, huanza na kosa la mwenzao ili la kwao lionekane dogo. Wewe utasema hivi: "Jumatatu saa nne ni mimi niliyekukatia mtandao. Nilikuwa najua uko stoo, nilikuwa na hasira, sikujua una mahojiano. Barua zako nimezisoma." Utasema yote hayo kwa pumzi moja kisha utanyamaza. Usilie kabla yake. Ukianza kulia atalazimika kukubembeleza, na jioni hii si zamu yake kubembeleza.

Atakasirika. Mwache akasirike. Akitoka kutembea, mwache atembee, usimfuate na simu. Mtu aliyevumilia kukaa juu ya ndoo miezi saba ili asikuaibishe haondoki kirahisi hivyo unavyodhani. Akirudi, ndipo na wewe useme ya kwako: kwamba umeumia, kwamba shati la kesho hulipigi pasi mpaka kuwe na mahali linakwenda, na kwamba yale ya kwenye kamba ya nguo uliyasema na unayajutia. Hilo la kamba usiliruke. Ndilo lililomkaa.

Kisha, kabla ya juma kwisha, mwandikieni ile kamati. Akubali yeye kwanza, jina ni lake. Barua iwe fupi: laini ilikatwa kutoka ndani ya nyumba, halikuwa kosa la mwombaji, anaomba robo saa nyingine. Sababu za ndoa haziwahusu. Wakikataa, mtakuwa mmekataliwa mkiwa wawili.

Na lile nenosiri la kuongozea ruta mpe mkononi. Alibadilishe yeye akitaka. Mtu mmoja kuwa na kidole cha kumzima mwenzake si jambo la nyumba.

Fundi mwache. Huyo ameshakutendea wema, usimharibie kwa kumshukuru.

* * *

Barua hii niliijibu kwa simu siku ile ile ilipofika, kwa sababu ya ile kamati, na ninaichapisha leo kwa ridhaa ya wenyewe wote wawili. Juzi dada huyo alinitumia maneno haya:

"Nilimwambia kama ulivyonipangia, ila nililia, nisamehe. Hakufoka. Aliuliza kama fundi naye alimwona, nikasema ndiyo, akafunika uso kwa mikono. Siku mbili hakuongea na mimi, lakini alikaa ndani ya nyumba, kwenye meza ya chakula. Siku ya tatu ndiye aliyeanza, alinifokea kweli kweli, nami nikamfokea, tuliyasema mpaka ya miaka ya nyuma. Tulipochoka akavuta kompyuta tukaandika ile barua.

"Walimpa robo saa. Alikaa sebuleni, suruali amevaa, mimi nikiwa chumbani na mgonjwa wangu, laini zote mbili zikibeba. Kazi hakuipata. Jibu lilikuja Alhamisi asubuhi tukinywa chai, alilisoma kimya kwanza, nikaona uso wake unavyoshuka. Nikangoja ainuke. Hakuinuka, alirudi juu kabisa kwenye 'Ndugu mwombaji', akanisomea kwa sauti mpaka mwisho."